Unyayo wa Karatasi

Bwana wa makumbusho kaja kutoka Tabora
na glavu nyeupe, kama daktari wa meno.
Akafungua daftari, akaandika:
Barua za familia na hati binafsi za mchungaji, karne ya kumi na tisa.
Nikamuuliza, familia ipi?
Akadhani natania.

Sanduku ni la mninga, bawaba moja imekufa.
Bibi Mwashi alilikalia akichambua tumbaku
miaka arobaini hivi,
na kuku mmoja mwenye kiburi akitagia nyuma yake.
Mchwa walianzia kingoni, wakala salamu zote:
"mpenzi wangu" ikaenda, "wako daima" ikaenda,
wakaacha katikati. Homa. Bei ya chumvi.
Paa linavuja juu ya kitanda.
Kengele imepasuka na bado naipiga.

Hapa Urambo walimwita Bwana Pembe,
maana jina lake, Pembeli, liliwashinda ulimi,
naye hakununua hata kipande cha jino la tembo.

Aliyepewa barua azifikishe pwani
ni babu wa bibi yangu, Mhoja, tarishi.
Akafika Tura. Mbele yake Mgunda Mkali,
na ndui ikamlaza katika kibanda cha watu asiowajua.
Wenzake walimwachia kibuyu, wakashika njia.
Miezi minne.
Aliporudi, uso umetoboka kama chekeche,
bunda kichwani, uzi haujafunguliwa,
alielekezwa kwenye tuta la udongo,
nyasi zimeshaota.

Barua hurudishiwa nani,
mwandishi akiwa chini na msomaji ng'ambo?
Sanduku la marehemu nalo halikuwa na mtu.
Akatia bunda ndani, akalisukuma uvunguni,
nasi tukairithi aibu ile
kama wengine warithivyo ng'ombe.
"Mzigo wa watu haulali," bibi alisema. "Unakesha."

Mwaka huu Mwalimu Fortunata wa Usoke ndiye aliyetusomea,
miwani puani, kidole hakigusi wino.
Kwa mkewe: usinitumie soksi tena.
Kwa kaka yake: uza shamba la juu, la mtoni usiuze.
Kisha akanyamaza, akarudi nyuma mstari mmoja:
"Ninayempa barua hii anaitwa Mohogo.
Anakohoa, nimempa koti langu la kijivu.
Ananidai ujira wa miezi miwili,
mikono minane ya merikani.
Nisipoamka, mlipeni."

Tulicheka kwanza. Muhogo!
Kisha mjomba Sizya akatoka nje
akajifanya anahesabu mbuzi.
Koti tulilijua; Mhoja alizikwa nalo.
Lakini jina lake halijaandikwa popote pengine,
si kwenye jiwe, si kwenye kodi ya kichwa,
hata kwa kukosea.
Barua ingefika, tungempoteza.

Daftari la bwana huyu halina safu ya madeni.
Nimelitazama.

Chini kabisa ilikuwapo karatasi nyingine,
unyayo wa mtoto uliozungushiwa kalamu ya risasi,
vidole kama punje za maharage.
Binti yake alimtumia aone alivyokua.
Hayo kayasema Fortunata; sisi hatukuyajua.
Bibi aliitoa kila masika yakianza,
akatusimamisha juu yake pekupeku, mmoja mmoja.
"Bado." Au: "Haya, umempita mwenzio."
Mimi nilimpita mwaka wa nzige,
nikalia usiku kucha, sijui kwa nini,
labda kwa kuwa yeye alibaki palepale.

Bwana wa makumbusho anasema
hati hizi zisiguswe kwa mkono mtupu.
Nimemwambia sawa.
Habari ya miguu sijamwambia.
Achukue homa, achukue kengele,
kaka na shamba lake la mtoni.
Karatasi moja iko chini ya godoro langu.
Nkamba, mjukuu, ameanza kushika ukuta;
wiki ijayo, au ile nyingine,
atasimama.